KUZIBA PALIPOVUNJIKA: USIKU WA KWANZA BAADA YA MAAFA

Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya Miaka 100 ya Usharika



Katika maadhimisho ya namna hii ni desturi njema kuwakumbuka waliojenga. Husomwa majina ya walioweka jiwe la msingi, waliochoma matofali, waliobeba mchanga kutoka mtoni na waliotoa ng'ombe au kahawa ili bati zinunuliwe. Hiyo ni haki yao. Lakini katika historia ya kila nyumba iliyodumu miaka mia moja ipo kazi nyingine isiyochongwa kwenye jiwe. Ni kazi ya mtu aliyekuja usiku, baada ya upepo kung'oa dirisha au wezi kuvunja mlango, akiwa na nyundo, misumari michache na ubao uliokuwa umeegemezwa nyuma ya jiko. Aliziba, akaenda zake. Usiku ule mvua haikuingia. Baada ya miezi kadhaa fundi alileta kioo kipya, na ubao ule ukawa kuni. Jina la mtu huyo halikuandikwa popote.

Mada hii inahusu kazi hiyo. Neno lake ni fupi: baada ya maafa, rehema ya kwanza ni kuziba palipovunjika, tena usiku ule ule, na rehema ya pili ni kutokubali ubao ugeuke kuwa ndio dirisha.

1. Dirisha humvuta mtu

Wengi waliopo hapa wanaikumbuka Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Asubuhi ile balozi za Marekani zilizoko Nairobi na Dar es Salaam zilishambuliwa kwa mabomu yaliyobebwa kwenye magari. Dar es Salaam waliuawa watu 11, na Nairobi watu 213. Waliojeruhiwa Nairobi walikuwa maelfu, na jambo moja katika majeraha yao linahusu mada hii. Kabla ya mlipuko mkubwa palisikika mlipuko mdogo na milio ya risasi. Watu waliokuwa wakifanya kazi katika majengo ya jirani waliinuka vitini wakaenda madirishani kutazama kulikoni. Bomu lilipolipuka, vioo viliwakuta nyuso zao zikiwa zimeelekea nje. Mamia waliumia macho, na wengine hawakuona tena.

Hawakuwa wapumbavu. Dirisha limewekwa kwa ajili ya kutazama, na binadamu akisikia kishindo hutazama. Tarehe 15 Februari 2013 kimondo kilipasuka angani karibu na mji wa Chelyabinsk nchini Urusi. Mwanga ulitangulia, wimbi la mgandamizo wa hewa lilichelewa dakika kadhaa, kwa maana mwanga husafiri upesi kupita kiasi, na mshindo hufuata nyuma. Katika dakika hizo watu wengi walikuwa wamesimama madirishani wakishangaa. Wapatao 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao kwa kukatwa na vioo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliwaamuru wanafunzi wake wajifiche chini ya madawati, nao wakasalimika, ingawa yeye mwenyewe alikatwa. Na kwa kuwa ilikuwa majira ya baridi kali, chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, kazi ya kwanza ya mji mzima jioni ile ilikuwa kufunika madirisha kabla usiku haujaingia.

Hapa pana fundisho la kwanza, na ni la kuwafundisha watoto: ukiona mwanga mkubwa wa ghafla au ukisikia kishindo, usikimbilie dirishani. Ondoka kwenye kioo, inama, kinga uso. Lakini kioo kikishavunjika, swali hubadilika. Swali linakuwa: nani atalala wapi usiku huu?

2. Mji usio na kioo

Kisa kinachojibu swali hilo kwa ukamilifu zaidi ni cha zamani kidogo, nacho kinakaribia umri wa jubilei hii. Ni kisa cha Halifax, mji wa bandari katika jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Walutheri wanayo sababu ya kuujua mji huo, kwani lipo huko kanisa dogo la mbao lililojengwa mwaka 1756 na wahamiaji wa Kijerumani.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Desemba 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, meli mbili ziligongana katika mlango mwembamba wa bandari ile. Moja ilikuwa Imo, ya Norwei. Nyingine ilikuwa Mont-Blanc, ya Ufaransa, iliyokuwa imesheheni zaidi ya tani 2,000 za vilipuzi vya vita. Mont-Blanc ilishika moto. Kwa muda wa dakika ishirini hivi moshi mzito na ndimi za moto zilipanda juu, na watu wa mtaa wa Richmond, uliokuwa kando ya maji, wakaenda madirishani kutazama: mama na mtoto kiunoni, wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwenda shule, wafanyakazi wa viwandani. Saa 3 na dakika 4 asubuhi meli ililipuka.

Wapatao 2,000 walikufa na 9,000 walijeruhiwa. Majeraha ya macho yaliyoandikwa yalikuwa 5,900, na watu 41 walipofuka kabisa. Nyumba zaidi ya 1,600 zilibomolewa, na nyingine 12,000 ziliharibiwa. Katika mji ule wote ilikuwa vigumu kumpata mtu ambaye nyumba yake ilibakiwa na vioo vyote. Nyumba za maskini na za matajiri, hospitali, shule na makanisa, zote zilikuwa wazi kama banda.

Masaa ya kwanza yalipotea. Ilienea habari kwamba ghala la baruti la kambi ya jeshi lilikuwa karibu kulipuka nalo, na watu wakaambiwa waondoke majumbani waende kwenye viwanja vya wazi. Waliporudi, siku ilikuwa imekwenda. Ndipo kila mwenye mikono akatafuta cha kuzibia. Walipigilia mbao, karatasi ya lami ya kuezekea, mazulia na mablanketi. Kesho yake, tarehe 7, ikaja dhoruba ya theluji iliyofikia kina cha sentimita 40 hivi. Watu 25,000 hawakuwa na makao ya kutosha. Usiku ule, kati ya mtu na mauti, kwa wengi kulikuwa na blanketi moja lililopigiliwa dirishani.

Msikilizaji na apime jambo hilo. Waliokuwa wamenusurika na mlipuko, walioshonwa majeraha, waliofunguliwa kutoka chini ya vifusi, bado wangeweza kufa kwa sababu ya dirisha. Daktari alikuwa amefanya kazi yake; sasa uhai wao ulikuwa mikononi mwa mtu mwenye nyundo. Kwa hiyo haifai kusema kwamba kuziba ni kazi ndogo inayongojea kazi kubwa zimalizike. Kuna usiku ambao kuziba ndiyo kazi kubwa.

Msaada ulikuja. Usiku ule ule wa tarehe 6, yapata saa 4, treni iliondoka Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ikiwa na madaktari, wauguzi na dawa. Ilikwamishwa na theluji njiani, ikafika tarehe 8. Baadaye zikafika meli zenye mahitaji mengine, vikiwamo vifaa vya kutengenezea nyumba. Watu wa Massachusetts hawakungoja kuombwa kwa barua. Mwaka uliofuata, 1918, Halifax ilipeleka mti wa Krismasi Boston kuwa shukrani, na tangu mwaka 1971 mti kama huo hupelekwa kila mwaka. Basi wapo watu duniani ambao wamejua namna ya kuwakumbuka waliokuja usiku wa kwanza.

3. Kanisa la karatasi ya lami

Habari za Halifax zina sehemu inayoligusa Kanisa kwa karibu. Katika mtaa wa Richmond palikuwa na sharika mbili zilizopakana, moja ya Wapresbiteri, iitwayo Grove, na nyingine ya Wamethodisti wa Kaye Street. Mlipuko ulibomoa majengo yote mawili na kuua washarika wengi. Waliobaki hawakuwa na nguvu ya kujenga makanisa mawili. Walijenga banda moja la muda, lililofunikwa kwa karatasi ya lami, na wakaabudu humo pamoja. Watu wa mji wakalipa banda hilo jina la utani kwa sababu ya karatasi ile.

Walioingia humo hapo awali walikuwa wamezoea kupita barabarani wakisalimiana kwa heshima, kila mmoja akienda kwenye kengele yake. Sasa walishirikiana jiko moja la kuotea moto. Kilichotenganishwa kwa miaka mingi kilikutana chini ya paa la muda. Banda lile lilipokwisha kazi yake, hawakurudi kila mtu kwake. Walijenga kanisa moja la ukumbusho, lililofunguliwa mwaka 1921, miaka minne kabla madhehebu yao hayajaungana rasmi nchini Kanada mwaka 1925. Barbara Orr, msichana aliyepoteza wazazi wake wote wawili na ndugu zake wote watano katika mlipuko ule, alitoa kengele kwa ajili ya kanisa hilo, ziwe kumbukumbu ya jamaa yake. Kengele hizo leo zipo katika mnara wa ukumbusho uliojengwa kwenye kilima cha Fort Needham, juu ya mtaa ule.

Mchungaji msaidizi wa kanisa la Kianglikana la St. Paul's, Samuel Henry Prince, aliyaona hayo yote kwa macho yake. Kanisa lake, lililojengwa mwaka 1750, lilisalimika, na sehemu yake ikatumika kuhudumia majeruhi. Hata leo ndani ya ukuta wake kuna kipande cha mbao ya jengo jingine kilichorushwa na mlipuko kikakwama hapo. Prince alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1920 akachapisha utafiti wake kuhusu maafa ya Halifax. Utafiti huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya elimu ya maafa duniani. Hoja yake kuu ni kwamba maafa huyeyusha mazoea ya jamii, na kisha jamii huganda upya. Lakini umbo jipya si lazima liwe jema. Linaweza kuwa bora au baya kuliko la kwanza. Inategemea wanachofanya watu wakati kila kitu bado ni laini.

Huo ndio wakati wa ubao. Katika majuma yale ambamo madirisha yamezibwa na kioo hakijaja, usharika huamua utakuwa usharika wa namna gani.

4. Namna kazi inavyofanywa

Kwa kuwa mapenzi mema bila ujuzi huweza kuua, yafaa kazi yenyewe ielezwe. Mafundi waliopo watasahihisha penye upungufu.

Kwanza, tazama ukuta kabla ya kutazama dirisha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kuharibu nyumba nyingi katika Bukoba na wilaya za jirani. Katika hali kama hiyo ukuta uliopasuka unaweza kuanguka kwa mtikisiko mdogo unaofuata. Nyumba ya namna hiyo haizibwi madirisha; watu wake huhamishwa. Anayeingia kuokoa dirisha chini ya ukuta unaoning'inia huongeza msiba juu ya msiba.

Pili, jikinge. Viatu vigumu, glavu za ngozi, miwani ya kukinga macho. Vipande vya kioo vilivyobaki kwenye fremu huondolewa kuanzia juu kwenda chini, kwa maana ukianza chini, cha juu hukuangukia mkononi. Kioo hukusanywa kwenye ndoo au debe, si kwenye mfuko wa nailoni, na watoto huzuiwa mpaka sakafu ifagiliwe mara mbili.

Tatu, andika na kupiga picha kabla ya kufunika. Ubao ukishapigiliwa, hakuna atakayeona tena uharibifu ulikuwaje, na mwenye nyumba atakapodai fidia au msaada atakosa ushahidi. Kama ni dirisha la kanisa lenye vioo vya rangi, vipande vyake vyote vikusanywe, kila dirisha na kasha lake, na kasha liandikwe dirisha gani. Fundi hodari huweza kuunganisha mengi. Hawezi kuunganisha kilichotupwa.

Nne, pima tundu, kisha kata ubao uzidi kipimo pande zote, ili uegemee fremu au ukuta. Plaiwudi ya milimita 12 au zaidi ni imara kuliko mbao nyembamba zilizopangwa. Skrubu ni bora kuliko misumari, kwa sababu hutoka bila kupasua fremu, nayo ni vigumu kung'olewa na mwizi. Kwa fremu ya zamani ambayo haifai kutobolewa, mafundi huweka papi mbili upande wa ndani zikikingama tundu, wakapitisha bolti kutoka ubao wa nje hadi kwenye papi, na kukaza kwa ndani. Hivyo fremu haiguswi hata kwa msumari mmoja. Palipo na nondo, ubao au bati huweza kufungwa kwenye nondo kwa waya wa kufungia. Asiye na ubao atumie turubai, likunjwe mara mbili kwenye kingo na kubanwa kwa papi, vinginevyo upepo wa kwanza utalichana. Ukingo wa juu ufunikwe vizuri ili maji ya mvua yateremke nje, yasipenye nyuma ya ubao.

Tano, na hili lisisahauliwe hata kama mengine yote yatasahauliwa: chumba kilichozibwa pande zote hakiwashwi jiko la mkaa ndani yake. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mwenye kuivuta hulala asiamke. Watu walionusurika na tetemeko au mlipuko wanaweza kufa wote pamoja, wakiwa wamejifunika blanketi, kwa sababu waliziba vizuri mno. Iachwe nafasi ya hewa juu na chini, na jiko libaki nje.

Sita, uachwe mlango mmoja unaofunguka kwa ndani bila ufunguo wa kutafutwa. Nyumba nyingi katika nchi hii zina nondo madirishani. Mlango ukipigiliwa na madirisha yakiwa na nondo, nyumba hiyo moto ukitokea imekuwa kaburi. Mlango uliovunjwa huzibwa kwa namna ya kufunguka: ubao juu ya bawaba zilizopo, na komeo kwa ndani. Asiwepo hata mzee mmoja, hata mgonjwa mmoja, anayefungiwa ndani kwa jina la usalama.

Saba, andika tarehe juu ya ubao kwa kalamu isiyofutika. Sababu ya jambo hili itaelezwa.

5. Hatari mbili za ubao

Ubao una hatari mbili. Ya kwanza ni kuchelewa, na ya pili ni kukawia.

Habari ya kuchelewa imekwisha kuonekana Halifax. Mvua ikinyesha kwa usiku mmoja ndani ya nyumba iliyo wazi, dari huvimba, magodoro huoza, vitabu vya ubatizo na daftari za sadaka huungana kuwa donge moja. Mwizi hahitaji juma zima, humtosha usiku. Anayesema, "Tutakaa kikao Jumamosi tuone la kufanya," amekwisha kuamua. Kamati ni chombo chema cha kununulia kioo. Si chombo cha kuzibia tundu saa 3 usiku.

Hatari ya pili ni ya polepole, na kwa hiyo ni mbaya zaidi. Ubao ukikaa mwaka, macho huuzoea. Watoto huzaliwa wakikuta upande ule ni giza, wakadhani nyumba ilijengwa hivyo. Mama mjane ambaye dirisha lake lilizibwa kwa bati siku ya dhoruba huonekana amekwisha kusaidiwa, na jina lake hufutwa kwenye orodha, ilhali yeye anakaa gizani mchana kutwa. Pakipita miaka, lile bati linakuwa kipimo cha thamani yake machoni pa jirani zake: wengine wana vioo, yeye ana bati, na hakuna anayeshangaa.

Halifax walikuwa na wajibu wa namna hiyo pia. Tume ya misaada iliyoundwa Januari 1918 ilijenga makazi ya muda, kisha ikajenga mtaa mpya wa nyumba zaidi ya 300 za matofali ya saruji, unaoitwa Hydrostone, ambao unakaliwa hadi leo. Na tume hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 1976, kwa kuwa walikuwapo waliojeruhiwa waliohitaji pensheni maisha yao yote. Kishindo kilichochukua sekunde moja kilidai utumishi wa miaka karibu 60. Msaada wa usiku wa kwanza unapigiwa makofi. Msaada wa mwaka wa thelathini haupigiwi makofi, lakini ni msaada ule ule haujamalizika.

Kwa sababu hiyo tarehe huandikwa juu ya ubao. Tarehe ni deni linalosomeka. Kila apitaye ataona ubao umekaa siku ngapi, na mzee wa mtaa hawezi kusema kwamba hakujua.

Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu alifuata utaratibu huu huu. Kila jamaa ilianza na sehemu iliyoelekeana na nyumba yake, kwa kuwa mtu hufahamu kwanza tundu la mbele yake. Walitumia mawe yale yale yaliyoungua, si mawe mapya yaliyochongwa. Walidhihakiwa kwamba kazi yao ilikuwa dhaifu. Lakini hawakuishia hapo: siku 52 zilipotimia ukuta ulikuwa umekamilika, na milango ikasimamishwa mahali pake. Kuziba kuliongoza kwenye kujenga.

6. Neno kwa usharika unaoingia karne ya pili

Usharika uliotimiza miaka mia una kila sababu ya kufikiri juu ya minara, kumbi na magari. Yapo pia mambo matatu madogo, yanayowezekana kabla ya msimu wa mvua ujao.

La kwanza ni sanduku. Katika kila mtaa wa usharika liwepo sanduku moja, lenye nyundo, msumeno, koleo, utepe wa kupimia, skrubu na bisibisi, misumari, waya wa kufungia, glavu, miwani, tochi na turubai mbili, pamoja na karatasi chache za plaiwudi zilizohifadhiwa pakavu. Ufunguo wake uwe na watu wawili wanaokaa karibu, wala usiwe ofisini. Gharama ya sanduku hilo haifikii gharama ya sherehe ya siku moja.

La pili ni orodha ya wanaoanza. Inapotokea dhoruba, kila mtu hukimbilia kanisa kwanza kwa sababu kanisa ni la wote. Ni upendo mwema, lakini si utaratibu mwema. Nyumba ya Bwana inaweza kukaa usiku mmoja na upepo. Mtoto mchanga hawezi. Orodha ianze na wagonjwa, wazee wanaoishi peke yao, wajane na wenye watoto wachanga, wawe Walutheri au wasiwe Walutheri, kisha ghala la chakula na zahanati, kanisa lifuate. Hakuna jengo la ibada lililowahi kudharauliwa kwa sababu washarika wake walikuwa wakiziba dirisha la jirani.

La tatu ni daftari. Kila kilichozibwa kiandikwe, na daftari hilo lisomwe katika Baraza la Wazee kila mwezi mpaka ubao wa mwisho utolewe. Na katika daftari hilo yaandikwe pia majina ya walioziba, hata kama ni kijana wa kipaimara aliyeshika taa tu. Watakaokuja kuandika kitabu cha miaka mia mbili wakute majina hayo.

Hitimisho

Imesemwa kwamba kazi hii haichongwi kwenye jiwe. Ni kweli, wala haihitaji kuchongwa. Lakini nyumba ambazo leo zinaitwa za kale, zikiwamo za Mungu, zimefika hapa kwa sababu katika usiku fulani usiojulikana mtu fulani hakungoja. Pengine miongoni mwa wazee waliokaa safu za mbele leo wapo waliofanya hivyo, nao wamenyamaza wakati majina ya wajenzi yaliposomwa. Vijana wawafuate baada ya ibada wakawaulize: dirisha lilikuwa lipi, mwaka gani, na ubao ulitoka wapi. Na wakishajibiwa, waulize swali la mwisho: je, katika mtaa huu, upo ubao ambao bado haujatolewa?

Jibu la swali hilo likipatikana, karne ya pili ya usharika huu itakuwa imepata kazi yake ya kwanza.